Tabaka la Ishirini na Sita

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Tajiri alimpa Mzee Mkasi chaki akamwambia aandike. Ubao ulikuwa mlangoni pa karakana, mahali ambapo kila aingiaye hana budi kuuona, na juu yake hapakuandikwa majina ya watu bali kazi zao: Mikono, Vifungo, Pindo, Pasi, Kola. Mbele ya Kola palikuwa na mistari miwili. Mzee Mkasi akachora wa tatu. Aliuchora umenyooka kabisa, maana alikuwa mkataji na mkono wake haukujua mstari wa kupinda, na alipomaliza hakugeuka kumtazama fundi wa kola. Fundi huyo alikuwa mke wa mwanawe, na ndiye aliyempikia chai saa moja iliyopita.

Tajiri alikumbusha kwamba mstari wa nne ni mlango. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Ilikuwa karakana ya sare za shule: cherehani kumi na moja, meza moja ndefu ya kukatia, na feni moja iliyopuliza upande wa Tajiri. Oda ilikuwa ya mashati mia sita, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mashati yalikuwa yanarudi. Mkaguzi, binti aliyevaa tepu ya kupimia shingoni kama mkufu, aliyatupa kapuni moja baada ya jingine kwa kosa lile lile: kola imevuta, shingo imekunjamana kama uso wa aliyelamba limau. Na kola ikiwa mbovu, alaumiwe nani kama si Kola? Wenzake waliguna kidogo, kila mmoja akautupia jicho mstari wake, wakainamia kazi.

Mkwe wa Mzee Mkasi alitia uzi kwenye sindano mara mbili kabla haujapita.

*

Jioni ile dada yake Mzee Mkasi alikuwa amekuja kuwajulia hali. Mwanamke huyo alikuwa na macho ya kuhesabu, na kabla chakula hakijapoa alikwishagundua kwamba mke wa mwana amepakua, amenawisha watu mikono, kisha amerudi jikoni na hakutoka. Akauliza kulikoni. Mke wa Mzee Mkasi alisema mtoto amechoka tu, kazi ni nyingi. Lilikuwa jibu zuri, lingetosha.

Lakini mzee alikuwa na mstari wa chaki kifuani. Kutwa nzima watu walikuwa wamemtazama kwa pembeni, wakimpima kwamba huyu ndiye aliyemleta yule, huyu ndiye aliyemwombea kazi. Miaka ishirini na miwili aliyosimama kwenye meza ile hakuna aliyewahi kumrudishia kipande. Sasa anachekwa kwa kola za mtu mwingine.

"Sindano mtoto hufundishwa na mama yake," alisema, wala hakupunguza sauti. "Huyu mama yake alimfundisha nini sijui. Labda kulala."

Dada mtu alicheka, kisha akaona wifi yake hacheki, akajifanya amepaliwa. Jikoni sufuria iliyokuwa inasuguliwa ikanyamaza. Baada ya muda ikaanza kusuguliwa tena, polepole, na ikasuguliwa muda mrefu kuliko sufuria yoyote inavyohitaji.

*

Kukata nguo nyingi ni hivi. Kitambaa hutandikwa mezani tabaka juu ya tabaka, hubanwa kwa vibanio, kisha mashine ya kukatia hupitishwa mara moja na kushuka mpaka chini. Ukitandika ishirini, umepata mashati ishirini kwa mkato mmoja. Mzee Mkasi alikuwa mtu wa ishirini maisha yake yote. Akishakata, huchukua kipande cha juu, akakilinganisha na karatasi ya mchoro, akaridhika. Kisha kila kipande hukiandika namba kwa chaki upande wa ndani, kuanzia juu kwenda chini, ili mbele, mgongo na mikono ya tabaka moja vikutane. Majora ya kitambaa hayafanani rangi. Ukichanganya, shati hutoka na mkono wa jana na mkono wa leo.

Mwezi ule majora yalichelewa wiki nzima. Halikuwa kosa la mtu. Gari liliharibika njiani. Yalipofika, Tajiri alikuwa anatembea huku na huku akiongea na simu, na Mzee Mkasi, kwa moyo mwema kabisa, akatandika arobaini badala ya ishirini. Alimaliza mapema, Tajiri akampiga bega. Methali ya haraka na baraka kila mtu pale aliijua, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuitii.

Mashati yalipoanza kurudi, vipande vya mbele vilivyoharibika ilibidi vikatwe upya. Kazi ya meza ikaongezeka. Mzee akatandika arobaini na tano. Yakarudi mengi zaidi. Tajiri akaongeza mkaguzi, akaweka ubao, akamkata fundi wa kola ujira wa siku mbili. Fundi wa kola akaongeza mwendo ili afidie, na kwa mwendo ule hakuwa tena na dakika ya kuipapasa shingo iliyopinda na kuituliza kabla ya kuitia kola, kama alivyokuwa akifanya mwanzoni bila kumwambia mtu. Kila mmoja alikuwa anazima moto kwa ndoo yake, na ndoo zote zilikuwa na mafuta.

Jumamosi mchana Tajiri alichora mstari wa nne kwa mkono wake. Mzee Mkasi alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, anakunja kitambaa. Aliendelea kukunja. Mkwewe alikusanya mkasi wake mdogo, pini zake na daftari, akavifunga kwenye vipande vibovu vya mbele, vile ambavyo mafundi waliruhusiwa kuchukua kufanya matambara ya nyumbani. Akaaga kila mtu kwa kazi yake. Alipofika kwa mkataji alisema, "Nakutangulia nyumbani, baba."

"Haya," Mzee Mkasi alijibu. Hilo ndilo neno pekee alilolipata la kumtetea.

*

Jumapili mke wa mzee alifungua lile furushi atafute tambara la kufutia dirisha, akakuta daftari. Ndani hamkuwa na barua wala siri ya mapenzi. Mlikuwa na namba, ukurasa baada ya ukurasa: 31, 44, 27, 38, 40, 29. Mama huyu aliishia darasa la tano, lakini namba hazikuwahi kumtoroka. Alizipitia kwa kidole kama anayechambua mchele. Zilikuwa hamsini na nane, na hata moja haikuwa chini ya ishirini na sita.

Akamwita mkwewe, akamuuliza ni namba za nini. Mkwe alisema ni hesabu tu. Mama akaendelea kushika daftari. Mkwe akatazama sakafu, akaeleza kwamba kila shati lililorudishwa kwa kola alikuwa analifumua na kuangalia namba ya chaki ndani yake. Matabaka ya juu hayakurudi kamwe kwa kosa hilo. Ya chini kisu huyasukuma yakateleza, shingo ikatoka pana, na kola haiwezi kufika. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Naomba baba asiambiwe, mama," alisema mwishowe. "Kazi nimeshakosa mimi, na mwanao huko aliko bado hajapata. Tukikosa wawili tutakula nini?"

Mama mkwe alifikiri. Akasema yeye hatamwambia kitu. Mzee ana macho.

Mzee Mkasi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapaka viatu rangi. Mkewe alileta meza ndogo akaiweka mbele yake. Juu yake akatandaza vipande viwili vya mbele kutoka kwenye yale matambara, kimoja juu ya kingine, bega kwa bega. Cha juu kilikataliwa kwa doa la wino na kiliandikwa 3. Cha chini kiliandikwa 41. Pale penye mkato wa shingo, cha juu kilichungulia nje ya cha chini kwa upana wa kidole kizima, mwanzo mpaka mwisho, kama ulimi.

"Hivi ni vya nani?" mzee aliuliza, ingawa chaki ilikuwa yake, na tatu ile yenye mkia hakuna mwingine aliyeiandika vile.

"Kitendawili," mkewe alisema.

Miaka yote ya ndoa yao akisikia neno hilo alijibu "tega" hata akiwa na homa. Safari hii aliweka brashi chini.

"Nakimbia nisichelewe, na kila nikikimbia nachelewa."

Mzee alivaa miwani. Alinyanyua kipande cha juu, akakirudisha. Alitafuta tepu mfukoni, akaiacha humo humo, haikuhitajika. Mkewe aliona shingo yake ikishuka katikati ya mabega kama ya kobe, na akajua jibu limekwisha kupatikana, na kwamba halikuwa tamu. Arobaini ilizaa marudio. Marudio yakazaa arobaini na tano. Arobaini na tano ikazaa marudio mengine. Alikuwa amezunguka mwezi mzima nyuma ya mkia wake mwenyewe, na kila alipokamilisha duara alimkanyaga mtoto wa watu.

Mzee akamwita mkwewe. Akaja, akasimama mbali kidogo, mikono imefungwa mbele.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukuniuliza hata mara moja?"

"Niliuliza." Alisita. "Nilikuletea mezani kipande cha thelathini na nane. Nikasema, baba, hii shingo iko sawa? Hukukitazama. Ulisema mkasi wako haukosi."

Mzee alijaribu kuikumbuka siku hiyo, akaikumbuka. Alikumbuka hata kwamba wenzake walicheka na yeye alifurahi walivyocheka.

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Kabla ya mstari wa kwanza."

Hapo Mzee Mkasi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena, na kila alipotaka kuivaa aliona bado.

*

Jumatatu aliingia karakana akiwa na vipande viwili mkononi. Alingoja mafundi wote wakae, maana alihofu kwamba akisema faraghani atapunguza maneno. Akavitandaza mbele ya Tajiri. Alisema kola hazikuwa na kosa, shingo ndizo zilizokosa, na shingo alizikata yeye. Cherehani zilinyamaza moja moja.

Tajiri alitazama vipande, akatazama ubao. Hapakuwa na safu ya mkataji. Haikumpitikia mtu kwamba ingehitajika. Akachukua chaki akamnyooshea.

"Basi jiandike, mzee wangu."

Mzee alisema ataandika akiamriwa, lakini aambiwe kwanza hilo litaponya shati gani. Alimwandika mkwewe mara tatu na mashati yakazidi kurudi. Akiondolewa yeye, atakuja mkataji mwingine, ataona foleni, atatandika hamsini. Akaeleza polepole, kwa kidole juu ya meza, kwenda na kurudi: foleni inaongeza matabaka, matabaka yanaongeza ubovu, ubovu unaongeza foleni, na ubao unawafanya watu waharakishe na kunyamaza, kwa hiyo kosa linazaliwa mezani Jumatatu na kulia kwenye pasi Ijumaa, na hakuna anayemjua mama yake. Aliomba mambo mawili. Arudi kwenye ishirini. Na fundi yeyote akipata kipande kilichopinda, akirudishe mezani saa ile ile, bila kuandikwa.

"Kwa hiyo unataka nichelewe ili niwahi," Tajiri alisema.

"Ndiyo."

Kicheko kilianzia kwenye vifungo kikafika pindo. Mtu wa pasi alisema mzee sasa anakata hewa. Tajiri hakucheka. Alikuwa na faini ya kuchelewesha oda ya shule kichwani na usingizi wa siku nyingi machoni. Alihesabu vidole, akasema siku tatu. Fundi wa kola arudi. Jumatano jioni mashati mema yasipozidi ya kawaida, baba na mkwe watoke kwa mlango mmoja.

Mzee alirudi nyumbani kwa miguu kumwita mkwewe. Angeweza kupiga simu; aliona haifai.

Siku ya kwanza yalitoka mashati mema thelathini, pungufu ya kawaida. Siku ya pili thelathini na tatu. Yaliyokuwa yanapita kwenye cherehani bado yalikuwa yale yaliyokatwa wiki iliyotangulia, na hilo hakuna aliyetaka kulisikia. Mafundi waliokosa kazi walikaa na miguu yao imenyooka, wakimuuliza mzee kama anakata kitambaa au anakisomea dua. Mkaguzi alipiga miayo kwa sauti. Kila nusu saa Tajiri alifika mezani, akatazama rundo lilivyo fupi, akaondoka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika, na kilikuwa kidogo. Mara nne siku ile ya pili fundi fulani aliinuka na kipande mkononi, akakileta mezani, akarudi kukaa. Mara ya kwanza mtu wa vifungo alikiweka haraka kama anayeweka kitu cha wizi. Mara ya nne alisimama akangoja kuona kinavyorekebishwa.

Jumanne alasiri simu ya shule ilipigwa, na Tajiri akaipokea pale pale mbele ya watu akasema ndiyo mwalimu, samahani mwalimu, mara sita. Mzee Mkasi alimsikia. Alikuwa ametandika ishirini. Mkono wake ukavuta jora, ukatandika tabaka la ishirini na moja, la ishirini na mbili. Alijiambia thelathini si arobaini. Alijiambia kibanio kikikazwa vizuri hakuna litakaloteleza. Lilikuwa la ishirini na sita alipokuwa anasawazisha ncha.

"Baba. Ishirini."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini cherehani ya kola ndiyo iliyo karibu na meza, na mkwewe alikuwa ameisimamisha, amegeuka, anamtazama usoni. Katika nyumba yao alikuwa hajawahi kumtazama usoni anapozungumza, wala kumwagiza jambo bila kuanza na naomba. Mtu wa pasi aliinua pasi akaisahau hewani. Wote walingoja mzee amwambie nini mke wa mwanawe.

Uso ulimuwaka. Angeweza kusema usinifundishe. Neno lilikwishafika kwenye meno. Akainama, akaondoa la ishirini na sita, la ishirini na tano, la ishirini na nne, moja moja, akiyakunja mbele ya watu wote, na mikono yake, ambayo watu walikuwa wakiisifu miaka ishirini na miwili, ilikunja ovyo, ncha zisikutane.

*

Jumatano kapu la marudio lilikaa tupu mpaka saa tano, na mkaguzi akadhani amekosea, akayapima mashati upya. Mpaka jioni yalikuwa yamerudi mashati mawili, moja kwa kifungo na jingine kwa doa. Mema yalikuwa themanini na moja. Tajiri aliyahesabu mwenyewe, mara mbili, akiyageuza kola kwa kidole gumba. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa aina hiyo. Alisema fundi wa kola amebaki, mkataji amebaki, na faini ya siku moja wataivumilia. Kisha akamwagiza mtu wa pasi auteremshe ule ubao, ukawekwa chini ya majora mapya yasipate unyevu.

Watu walimpongeza mzee. Mtu wa vifungo alimshika mkono, akamwambia ukongwe ni dawa. Kila pongezi ilimwingia kama mwiba, maana alijua wanampongeza kwa kuacha jambo alilolianzisha mwenyewe.

Walirudi nyumbani pamoja, yeye na mkwewe, njia ya kando ya ukuta mrefu wa ghala. Kwa kawaida mkwe alitembea nyuma kidogo. Leo mzee alipunguza mwendo ili walingane. Mkwe naye akapunguza. Wakawa wanakwenda polepole kiasi kwamba mama mmoja mwenye mzigo kichwani aliwapita akawauliza kama kuna mgonjwa.

Mzee alikohoa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumapili, na yote yakampotea.

"Yale niliyoyasema siku ile, dada yangu akiwapo," alianza. "Kuhusu mama yako. Jumamosi nitakwenda kwake. Nitakwenda mimi mwenyewe, niombe radhi."

Mkwewe hakuwa na hasira. Angekuwa nayo, mzee angejua namna ya kuipokea.

"Mama hakuyasikia, baba," alisema. "Niliyasikia mimi."

Mzee Mkasi akasimama. Mkwewe akasimama pia, heshima ikimzuia kumpita, akangoja, huku jua likiwapiga wote wawili ukutani na watu wakiwapita. Na mzee, ambaye angeweza kumwendea mama wa watu kilomita nyingi akapiga magoti uani kwake, alijua kwamba radhi aliyokuwa anaipeleka mbali ilikuwa inadaiwa hapa hapa, hatua moja kutoka alipo, na kinywa hakikufunguka.

Kilipofunguka, alilia kwanza.